Hisia Zinavyosimuliwa Bonde la Yaeda

Katika wilaya za Mbulu na Hanang nchini Tanzania wanaishi jirani kwa jirani Wairaqw wenye lugha ya Kikushi, Wadatoga wenye lugha ya Kinailoti, na Wanyaturu, ambao ni Wabantu. Kwenye Bonde la Yaeda wapo pia Wahadzabe, ambao lugha yao haijathibitishwa kuwa na undugu na nyingine yoyote duniani. Kwa anayechunguza maneno ya hisia, sijui eneo lenye utajiri zaidi ya hili.

Mwanasaikolojia Paul Ekman wa Marekani, aliyewaonyesha Wafore wa Papua New Guinea picha za nyuso miaka ya 1960, alishikilia kwamba hasira, hofu, huzuni na furaha husomeka usoni namna moja kwa binadamu wote. Mwaka 2020 Maria Gendron na wenzake, akiwemo Shani Mangola, ambaye mwenyewe ni Mhadzabe, walichapisha matokeo ya kuijaribu hoja hiyo kwa Wahadzabe. Ushahidi wa kuiunga mkono ulikuwa haba.

Kilichonigusa zaidi ni utafiti uliofuata, ulioongozwa na Katie Hoemann. Wahadzabe na wakazi wa North Carolina waliombwa kusimulia matukio yaliyowagusa. Wamarekani walieleza yaliyopita moyoni mwao. Wahadzabe walisimulia mwili ulivyohisi, walichofanya, mazingira, mahitaji ya wakati ule, na yaliyowapata wenzao. Mtafiti akija na orodha ya maneno ya Kiingereza na visanduku vya kuweka alama, hayo yote yatampita.

Uchambuzi wa lugha 2,474, uliotoka katika jarida la Science mwaka 2019, ulionyesha kwamba jamii zote za lugha hutenga hisia njema na mbaya. Ndani ya mipaka hiyo zinatofautiana sana, ingawa lugha za majirani huelekea kufanana. Hata Kiswahili kina migawanyo yake: hasira huweza kuisha jioni ileile, kinyongo hutunzwa miaka.

Jambo hili si la vitabuni tu. Maporomoko ya tope ya Desemba 3, 2023 yaliua makumi ya watu Katesh, wilayani Hanang, na vijiji vya jirani, na waliobaki walihitaji ushauri nasaha. Wizara na vyuo viandae madodoso ya afya ya akili pamoja na wazungumzaji wa Kiiraqw, Kidatoga, Kinyaturu na Kihadzabe. Nawe mshauri, kabla ya kumuuliza mfiwa kama ana huzuni, mwache kwanza asimulie kilichotokea.