Kidole kinapojifunga, mtaji nao hukwama

Alfajiri, kabla basi la Kampala halijapiga honi, mama mmoja anayenunua mitumba soko la Owino na kuiuza Busia, upande wa Kenya, huwa ameshaamka kitambo. Anayemwamsha ni kidole cha pete cha mkono wa kulia. Hulala kimejikunja kana kwamba kimeshika kitu, na ili kinyooke hana budi kukivuta kwa mkono wa pili. Hulia "ta!", maumivu yakatambaa hadi kiganjani, ndipo kikafunguka.

Kwa miezi kadhaa hakumwambia mtu. Sokoni alijizoeza kuhesabu noti kwa mkono wa kushoto, polepole, wateja wakinung'unika. Mpakani aliomba vijana wamjazie fomu. Siku mzigo ulipomponyoka ukatua kwenye tope, nusu ya nguo zikauzwa kwa bei ya kutupa, ndipo alipokubali kwamba kidole kile kinamla mtaji.

Ushauri haukukosekana. Jirani alisema ni baridi yabisi. Mwingine akasema mfupa umeteguka, aende kwa mkandaji auvute urudi mahali pake. Wote walimtakia mema, ila mfupa hapa hauna kosa, na kukivuta kidole kwa nguvu huongeza uvimbe uleule unaokifunga.

Kinachokunja kidole ni kano, kamba ngumu inayoanzia kwenye misuli ya mkono, ikapita kiganjani hadi karibu na ncha ya kidole. Kamba hiyo huteleza ndani ya ala, nayo ala hushikiliwa kwenye mfupa na pete ndogondogo, mfano wa zile zinazoshikilia waya wa breki kwenye fremu ya baiskeli. Waendesha bodaboda wa Busia, mpaka unaotajwa kuwa chimbuko la jina hilo, wataelewa haraka kuliko wengine. Waya ukifanya fundo, breki hukamata na kukataa kuachia.

Ndivyo ilivyo kwa kidole. Pete ya kwanza, iliyopo kiganjani chini ya shina la kidole, ikinenepa, au kano yenyewe ikivimba na kufanya fundo, njia huwa nyembamba. Wakati wa kukunja, fundo hupenya kwa sababu misuli ya kukunja ina nguvu sana. Wakati wa kunyoosha hugota. Asubuhi huwa vibaya zaidi kwa kuwa mkono umelala bila kujongea usiku kucha. Ukibonyeza kiganja mahali hapo, mara nyingi utahisi kijivimbe chenye maumivu, hata kama wewe unaona shida iko kwenye kifundo cha kidole.

Maradhi haya huwapata wanawake kuliko wanaume, hasa baada ya umri wa miaka 40, na hupenda kidole gumba na kidole cha pete. Kazi za kukaza ngumi kwa muda mrefu huyachochea: kubeba "shangazi kaja" kwa mkanda wake mwembamba, kuvuta kamba za mizigo, kushika mkasi kutwa nzima. Lakini lipo jambo ambalo wengi hawalifikirii, nalo ni kisukari. Mwenye kisukari yumo katika hatari kubwa zaidi ya kufungwa vidole, wakati mwingine zaidi ya kimoja. Mama wa Busia alikwenda kliniki kwa ajili ya kidole, akapimwa damu, akarudi nyumbani na habari nyingine kabisa. Huenda kidole kile kilimfanyia hisani.

Tiba huanza kwa kupumzisha. Banzi jepesi la kukizuia kidole kisijikunje, likivaliwa hasa usiku kwa wiki kadhaa, huwasaidia wengi ambao tatizo lao bado ni changa. Maji ya vuguvugu asubuhi hulegeza ukakamavu. Dawa za maumivu kama ibuprofeni hupunguza makali, lakini mwenye vidonda vya tumbo, shinikizo la damu au ugonjwa wa figo asizinunue kiholela kwenye duka la dawa la stendi.

Hatua ya pili ni sindano ya steroidi kwenye ala ya kano. Wengi hupona kwa moja au mbili. Mwenye kisukari amweleze daktari mapema, maana sindano hiyo inaweza kupandisha sukari kwa siku kadhaa, na kwake mara nyingi haifanyi kazi vizuri kama kwa wengine. Ikishindikana, kuna upasuaji mdogo: kiganja hutiwa ganzi, ile pete ya kwanza hukatwa ili njia ipanuke, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Kunyanyua mizigo mizito husubiri wiki chache.

Hapa ndipo mfanyabiashara wa mpakani anapaswa kuwa mwangalifu. Bima ya taifa ya upande mmoja kwa kawaida haimlipii upande wa pili, hivyo wengi hutibiwa popote safari inapowakuta. Akichomwa sindano Kampala, adai karatasi yenye jina la dawa, kipimo na tarehe, aitunze pamoja na hati zake za kusafiria. Daktari wa Busia au Kisumu asipoijua sindano ya kwanza, anaweza kurudia mapema mno, na sindano nyingi mahali pamoja hudhoofisha kano.

Kidole kilichovimba chote, chekundu, cha moto, chenye maumivu makali kikinyooshwa, hasa baada ya kuchomwa na kitu chenye ncha, hicho ni kitu kingine. Huenda ni usaha ndani ya ala, na hakisubiri hata safari moja.

Mama wa Busia sasa hufunga mitumba katika vifurushi vidogo, na vile vizito humlipa mchukuzi wa mkokoteni. Faida imepungua kidogo. Mkanda wa mfuko ameuzungushia kitambaa kinene ili usimkate kiganja, na mzigo huutundika begani. Banzi analivaa kila usiku, sukari anaipima. Asubuhi kidole bado hulia "ta!", lakini siku hizi hufunguka chenyewe, na noti ameanza tena kuzihesabu kwa mkono wa kulia.