Ufadhili wa Shahada ya Uzamivu Wafungua Njia ya Kuimarisha Huduma za Utengamao

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Mgonjwa wa kiharusi anaporuhusiwa kutoka hospitalini, maisha yake yamekwisha kuokolewa, lakini huenda mkono hauinuki na mguu anauburuza. Kijana aliyevunjika paja kwa ajali ya bodaboda naye anaweza kutoka wodini mfupa ukiwa umeunga, ilhali goti halikunji. Hapo ndipo kazi ya utengamao inapoonekana umuhimu wake, yaani huduma zinazomrejeshea mtu uwezo wa kutembea, kuvaa, kula kwa mkono wake mwenyewe na kurudi kazini.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu bilioni 2.4 duniani wana hali za kiafya zinazoweza kupata nafuu kupitia huduma hizo. Katika baadhi ya nchi za kipato cha chini na cha kati, zaidi ya nusu ya wanaozihitaji hawazipati. Kwa kutambua pengo hilo, mwezi Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio linalozihimiza nchi wanachama kuingiza utengamao katika mifumo yao ya afya na kuendeleza utafiti wake.

Tanzania haianzii sifuri. Chuo cha mafunzo ya teknolojia ya viungo bandia kilichopo Moshi (TATCOT) kilianzishwa mwaka 1981, na kimewafundisha wataalamu wa ndani na wa nchi nyingine za Afrika. Hata hivyo, ili kuwa na wataalamu wengi zaidi, wanahitajika wahadhiri wa kuwafundisha na watafiti wa kubaini ni tiba ipi inafaa katika mazingira yetu. Ndiyo maana ufadhili wa masomo ya shahada ya uzamivu katika fani hii unawahusu wananchi wote, si wasomi pekee.

Sayansi ya mwendo wa mwili huchunguza namna mifupa, misuli na neva zinavyoshirikiana mtu anapotembea, anapoinama au anapobeba mzigo. Watafiti hutumia kamera maalumu, sakafu zenye vipimo vya nguvu na vifaa vya kupima umeme wa misuli. Wakati mwingine kipimo hakihitaji mashine, mathalani kupima umbali ambao mgonjwa anaweza kutembea kwa dakika sita.

Maisha ya Afrika Mashariki yamekwisha kuipa sayansi hii maswali mazito. Mwaka 1986, mwanasayansi wa Kenya G.M.O. Maloiy na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti kuhusu wanawake wa Kikenya wanaobeba mizigo kichwani. Walibaini kuwa wanawake hao waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kuongeza matumizi ya nishati. Mwaka 2020, utafiti mwingine uliofanyika kwa Wahadzabe wa kaskazini mwa Tanzania ulionesha kuwa wao pia hupumzika kwa takribani saa 10 kwa siku, lakini mara nyingi huchuchumaa, mkao ambao huishughulisha misuli ya miguu kuliko kukaa kwenye kiti.

Tafiti hizo zina funzo kwa mwombaji wa ufadhili. Mgonjwa anayepaswa kuchuchumaa chooni, kupanda mlima kwenda shambani au kuketi mkekani anahitaji mpango wa mazoezi unaozingatia maisha hayo. Swali la namna hiyo huonekana kwa urahisi zaidi na mtu anayewahudumia wagonjwa hao kila siku.

Miongoni mwa fursa zilizo wazi kwa Watanzania ni ufadhili wa Jumuiya ya Madola kwa masomo ya uzamivu nchini Uingereza, unaozilenga nchi zinazoendelea zilizo nyuma kiuchumi. Ufadhili huo hugharimia nauli, ada, posho ya kujikimu na fedha za kuandaa tasnifu. Mwombaji anatakiwa kuwa na shahada ya kwanza ya daraja la pili la juu au zaidi, ama daraja la pili pamoja na shahada ya umahiri inayohusiana na fani anayoiomba. Aidha, hujifunga kurejea nchini baada ya masomo. Maombi yake hayatozwi ada, hivyo anayeombwa fedha ili asaidiwe kuupata ajihadhari.

Fursa nyingine ni mitandao ya mafunzo ya uzamivu ya Marie Skłodowska-Curie, inayofadhiliwa na Umoja wa Ulaya. Huko mwanafunzi huajiriwa kama mtafiti na hulipwa mshahara. Kwa kawaida hapaswi kuwa ameishi au kufanya kazi katika nchi ya chuo kinachomwajiri kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miaka mitatu iliyotangulia.

Katika maombi ya aina zote mbili, ushindani ni mkubwa na andiko la utafiti lina uzito wa pekee. Mada kama "utengamao wa wagonjwa wa kiharusi Tanzania" ni pana mno. Swali linaloweza kupimika ni kama hili: je, mazoezi ya kutembea yanayosimamiwa na ndugu nyumbani kwa wiki 12 humwezesha mgonjwa kutembea umbali mrefu zaidi kuliko kuhudhuria kliniki mara moja kwa mwezi? Swali la pili linataja tiba, muda, kipimo na kitu cha kulinganisha nacho.

Kabla ya kutuma maombi, inashauriwa kuwasiliana mapema na msimamizi mtarajiwa chuoni. Mtumishi wa umma anapaswa kupata ruhusa ya mwajiri wake. Utafiti wa afya unaohusisha watu nchini huhitaji kibali cha maadili, ambacho hutolewa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Shahada iliyopatikana nje ya nchi huwasilishwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kwa ajili ya kutambuliwa. Tarehe na masharti hubadilika, hivyo tangazo la mwaka husika ndilo la kufuatwa.

Wataalamu wa fiziotherapia, tiba kwa vitendo na viungo bandia walio katika hospitali za mikoa na wilaya wasidhani kuwa fursa hizi ni za walioko vyuo vikuu tu. Wao ndio wanaomwona mgonjwa akirudi kliniki baada ya miezi mitatu, mguu bado anauburuza, na ndio wenye sababu ya kuuliza kwa nini. Swali hilo likifanyiwa utafiti na jibu lake likarudishwa nyumbani, atakayefaidika kwanza ni mgonjwa huyo.