Ukiushi wa Mvutano: Namna Kompyuta Inavyokadiria Kilichofichwa na Ardhi

Utangulizi

Mwanafunzi wa elimumitindo hufunzwa mapema kwamba hapana ukiushi pasipo kaida. Sentensi iliyopinduliwa katika ubeti huonekana kuwa imekiuka kwa sababu msomaji tayari anajua jinsi sentensi ya kawaida inavyopangika. Asiyeijua kaida hiyo haoni ukiushi wowote. Huona maneno tu. Makala haya yanaichukua dhana hiyo na kuivusha hadi katika taaluma ambayo ni nadra kuguswa katika idara zetu, yaani jiofizikia. Lengo ni kueleza kwa Kiswahili jinsi wanajiofizikia wanavyotumia kompyuta kukokotoa mabadiliko madogo ya mvutano wa dunia yanayosababishwa na miamba iliyozikwa. Aidha, makala yatajaribu kuonyesha kwamba hesabu hiyo, hata ikiwa sahihi hadi tarakimu ya mwisho, bado humhitaji mfasiri. Mifano ya kurahisisha maelezo imechukuliwa Biashara Street, mtaa wa leso na vitambaa katika kisiwa cha Mombasa, pamoja na soko jirani la Marikiti.

Mizani mbili

Mathalani, muuzaji wa viungo hapo Marikiti anaweza kupima iliki kwa mizani ya vitanga viwili. Kitanga kimoja hutiwa jiwe la mizani, kingine hutiwa iliki. Mizani ya namna hii hulinganisha uzito na uzito. Lau mvutano wa dunia ungepungua ghafla mahali hapo, jiwe na iliki vingepungukiwa kwa kadiri ile ile, na ufito ungebaki umelala sawa. Muuzaji na mnunuzi wangeagana bila ya yeyote kati yao kutambua kwamba jambo lolote limetokea.

Mizani ya springi ina tabia tofauti. Hiyo hainyooshwi na jiwe jingine, bali na mvutano wenyewe. Mvutano ukizidi, springi hurefuka, ukipungua, hujikunja. Kifaa kinachotumiwa na wanajiofizikia, ambacho tunaweza kukiita kipimamvutano, mara nyingi ni mizani ya springi iliyotengenezwa kwa uangalifu mkubwa. Uzani uliotundikwa ndani yake haubadiliki. Kinachobadilika kutoka kituo hadi kituo ni nguvu inayouvuta.

Mabadiliko hayo ni madogo mno. Mombasa, kitu kinachoanguka huongeza kasi yake kwa takriban mita 9.78 kwa sekunde katika kila sekunde. Kipimo kinachotumika katika taaluma hii ni miligali, jina lililotokana na Galileo, na miligali moja ni karibu sehemu moja tu kwa milioni ya mvutano huo. Gunia la mchele la kilo 90 likihamishiwa mahali ambapo mvutano umezidi kwa miligali moja, uzito wake utaongezeka kwa kiasi cha gramu 0.09, yaani punje chache tu za mchele. Punje hizo ndizo zinazotafutwa.

Kaida na ukiushi

Ili punje hizo zionekane, ni lazima kwanza kaida ijulikane. Mtafiti hujiuliza: kama chini yangu pangekuwa na miamba ya kawaida tu, mvutano ungekuwa kiasi gani? Jibu lake hujengwa kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni latitudo. Dunia imebenuka kidogo kwenye Ikweta na inazunguka, kwa hiyo mvutano wa usawa wa bahari ni takriban 9.780 kwenye Ikweta na 9.832 kwenye ncha. Mombasa, iliyo kama digrii 4 kusini, iko karibu kabisa na kiwango cha chini.

Hatua ya pili ni kimo. Kila mita moja tunayopanda hutuondolea takriban miligali 0.3086, kwa kuwa tunajitenga na kitovu cha dunia. Kupanda kutoka dukani hadi ghorofa ya kwanza, mita 3.4 hivi, kunatosha kupunguza mvutano kwa miligali 1.05. Msomaji aikumbuke tarakimu hii, maana itarudi.

Hatua ya tatu ni mwamba ulioko kati ya kituo na usawa wa bahari. Hatua hii inahusishwa na Mfaransa Pierre Bouguer, aliyesafiri mwaka 1735 kwenda nchi ambayo leo ni Ekuador kupima umbo la dunia, akakabiliwa na suala la mvutano wa milima yenyewe. Kwa mwamba wenye densiti ya kawaida ya kilo 2,670 kwa mita ya ujazo, kila mita ya mwamba huongeza kama miligali 0.112.

Baada ya hesabu hizi, kilichotarajiwa hutolewa katika kilichopimwa, na kinachobaki ndicho ukiushi wa mvutano. Ukiushi ukiwa chanya, kuna dalili ya miamba mizito kuliko ya jirani. Ukiwa hasi, kuna dalili ya miamba myepesi. Ni muhimu kusisitiza kwamba ukiushi wenyewe haumo ardhini. Ni tofauti kati ya matarajio na kipimo, na mtu akikosea katika kukadiria matarajio, kama vile kukosea kimo kwa mita tatu tu, ataiona hazina mahali ambapo hapana kitu.

Kutoka kwenye umbo hadi kwenye ukiushi

Kompyuta huingia kazini kwa kufuata njia ya kinyume. Haianzi na kipimo. Huanza na dhana. Mtafiti husema: tuseme pana mwamba wa umbo fulani, katika kina fulani, wenye densiti fulani. Je, juu ya ardhi ungeleta ukiushi kiasi gani?

Umbo likiwa tufe, kalamu na karatasi vinatosha. Chukua tufe lenye nusu-kipenyo cha mita 500, kitovu chake kikiwa mita 1,000 chini ya ardhi, na densiti yake ikizidi ya miamba inayolizunguka kwa kilo 300 kwa mita ya ujazo. Tufe hilo lina ziada ya takriban tani milioni 157. Hata hivyo, moja kwa moja juu yake ukiushi ni miligali 1.05 tu. Hiyo ndiyo ile tarakimu ya kupanda ghorofa moja. Mtu asiyejua kimo cha kituo chake hawezi kuutofautisha mwamba huo mkubwa na ngazi ya duka.

Lakini miamba haizaliwi ikiwa matufe. Kusini mwa Mombasa, katika Kaunti ya Kwale, kuna kilima cha Jombo, ambacho kimetokana na ujiuji moto uliopanda kutoka chini, ukapenya katika mawe ya mchanga ya Duruma na kupoa humo. Umbo la mwamba kama huo halina kanuni moja rahisi. Mbinu mashuhuri ya kulikabili tatizo hili ilichapishwa mwaka 1960 na Manik Talwani na Maurice Ewing, wa kituo cha Lamont cha Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani.

Mbinu yenyewe inaeleweka vizuri tukirudi Biashara Street. Fikiria rundo la leso zilizokunjwa na kupangwa moja juu ya nyingine. Kila moja ni bapa na nyembamba, lakini rundo zima lina urefu, upana na kimo. Tukiikata kila leso kwa umbo lake, iliyo juu ndogo na iliyo chini pana, rundo litachukua sura ya kilima. Talwani na Ewing waliukata mwamba hivyo hivyo, ukawa tabaka bapa katika vina mbalimbali.

Mzingo wa kila tabaka huwakilishwa na pembe zake tu, kama fundi cherehani anavyotia alama za chaki kwenye pembe za kitambaa kisha akaziunganisha kwa mistari iliyonyooka. Kanuni huuzunguka mzingo huo pembe baada ya pembe na kutoa mvutano wa tabaka moja. Hatimaye mivutano ya tabaka zote hujumlishwa kwa kufuata kina, nafasi iliyo kati ya tabaka na tabaka ikikadiriwa kwa mchirizo laini wa parabola. Kadiri tabaka na pembe zinavyozidi, ndivyo rundo linavyokaribia mwamba halisi.

Mstari wa amri

Mbinu hii leo inapatikana katika GMT, mkusanyiko wa programu za bure ulioanzishwa katika miaka ya 1980 na Paul Wessel na Walter Smith, wakati huo wakiwa wanafunzi hapo hapo Lamont. Mojawapo ya programu zake inaitwa talwani3d. Programu hii haina madirisha wala vitufe vya kubofya. Mtumiaji huandika mstari mmoja wa amri, na kompyuta hutii.

Kabla ya amri huandaliwa faili ya maandishi ya kawaida. Kila tabaka huanza kwa alama ya mshale, ikifuatwa na kina cha tabaka na tofauti ya densiti. Chini yake huorodheshwa pembe, kila pembe kwa namba mbili. Kisha amri yenyewe hutaja jina la programu, jina la faili, mipaka ya eneo na nafasi kati ya nukta na nukta. Matokeo ni jedwali la namba linaloweza kuchorwa ramani.

Sarufi ya amri hizi ni kali. Kila kipashio kina mahali pake, na herufi moja ikikosewa, amri hukataliwa au, vibaya zaidi, hukubaliwa kwa maana nyingine. Ukali huo una faida yake: mstari ukihifadhiwa, mtafiti mwingine anaweza kuurudia kama ulivyo na kuhakiki kila dhana iliyotumika.

Ukiushi mmoja, fasiri nyingi

Sasa tumefika penye kiini cha suala letu. Tulirudie lile tufe. Badala ya nusu-kipenyo cha mita 500 na ziada ya kilo 300, tuweke mita 630 na kilo 150, kitovu kikibaki pale pale. Ziada ya tani itakuwa ile ile, na ukiushi utalingana katika kila nukta juu ya ardhi. Hakuna kipimamvutano kinachoweza kuyatenganisha matufe hayo mawili. Kutoka kwenye umbo kwenda kwenye ukiushi kuna jibu moja. Kutoka kwenye ukiushi kurudi kwenye umbo kuna majibu yasiyo na idadi.

Historia ya Bonde la Ufa inathibitisha hatari hii. Mwingereza Edward Bullard alipima mvutano Afrika Mashariki kwa kutumia pendulumu, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1936. Alikuta ukiushi hasi, akafasiri kwamba sakafu ya bonde imekandamizwa chini na kushikiliwa na kingo zinazosukumana. Leo wanasayansi wanaamini kinyume chake: kingo zinaachana, na chini yake kuna miamba ya moto iliyo myepesi. Ushahidi mkubwa ulitoka katika mawimbi ya milipuko yaliyopimwa na mradi wa kimataifa wa KRISP kati ya 1985 na 1994, ambao ulionyesha kwamba gamba la dunia chini ya bonde hupungua kutoka unene wa kilomita 35 upande wa Naivasha hadi kama 20 upande wa Turkana. Vipimo vya Bullard havikuwa na kosa. Fasiri ndiyo iliyohitaji ushahidi wa nje ya matini.

Hitimisho

Suala hili si la maabara pekee. Jirani na Jombo kuna kilima cha Mrima, msitu wa kaya ya Wadigo, ambacho kinajulikana kuwa na madini ya niobi na madini adimu. Leseni ya uchimbaji iliyotolewa kwa kampuni ya Cortec mwaka 2013 ilibatilishwa mwaka huo huo, na shauri lake katika baraza la kimataifa la usuluhishi likaamuliwa mwaka 2018 dhidi ya kampuni. Katika migogoro ya namna hii, tarakimu za chini ya ardhi hubebwa katika ripoti ambazo lugha yake haisomwi na wengi wa wanaoishi juu ya ardhi hiyo. Mkazi akionyeshwa ramani yenye doa jekundu, anastahili kuweza kuuliza: kaida yenu ilikuwa ipi? Densiti mmeipata kwa kuchoronga au kwa kukisia? Ni maumbo gani mengine yangeleta doa lile lile?

Maswali hayo yote yanaulizika kwa Kiswahili, na dhana zake kuu, yaani kaida, ukiushi na fasiri, tayari zimo katika mihadhara yetu. Ni wajibu wa vyama vya wanafunzi na idara za Kiswahili kushirikiana na wanajiofizikia katika kusanifu istilahi na kufasiri ripoti za aina hii, ili anayeishi juu ya mwamba awe na sauti katika mjadala wa kilichomo ndani yake.