Pikipiki ya majini: Kagua ringi kabla ya kununua impela

WENGI wanaonunua pikipiki ya majini iliyotumika hukimbilia kubadili impela ili waongeze kasi, wakasahau ringi inayoizunguka ndani ya pampu.

Pampu hunyonya maji chini ya chombo na kuyasukuma nyuma kwa nguvu. Nafasi kati ya impela na ringi haitakiwi kufika hata milimita 1. Mchanga na kokoto za ufukweni huikwangua ringi. Ndipo injini hunguruma, chombo kisiende. Hapo impela mpya haisaidii, na ile yenye mapanga yaliyosimama zaidi huilemea injini.

Kwa Sea-Doo nyingi ringi ni ya plastiki, hubadilishwa peke yake na ni rahisi kuliko impela. Mnunuzi, zima injini, mulika tochi, kisha ndipo utaje bei.