"Hakuna" na "Haikugunduliwa": Upimaji wa Elementi Nururifu Majini

Makala haya yanadhamiria kufafanua jinsi elementi nururifu zinavyopimwa katika maji, na kuonyesha kuwa neno moja tu katika taarifa ya maabara laweza kumpotosha anayeyanywa maji hayo.

Elementi kama vile urani na thoriamu zimo miambani tangu kale. Kilima cha Mrima, katika Kaunti ya Kwale, kinajulikana kwa miamba yake yenye thoriamu nyingi. Hata hivyo, mwamba si kisima. Thoriamu huyeyuka majini kwa shida, ilhali urani huyeyuka kwa wepesi zaidi panapo oksijeni. Maji, basi, hayahukumiwi kwa kuutazama mwamba; sharti yapimwe.

Kazi huanzia kisimani. Sampuli hutiwa asidi ya nitriki kidogo, la sivyo elementi hizo hunata chupani na kupotea kabla ya kuhesabiwa. Maabarani hutokea kizingiti kingine: chembe za alfa huzuiwa hata na karatasi, na maji yenyewe huzimeza. Kwa sababu hiyo, maji hukaushwa taratibu yakabakiza utando mwembamba, nao huwekwa kwenye mtambo wa kuhesabu mionzi kwa saa nyingi. Kizio kitumiwacho ni bekereli, yaani kuoza kwa atomu moja kwa sekunde. Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwamba maji ya kunywa yanayozidi bekereli 0.5 za alfa kwa lita yachunguzwe zaidi.

Mtambo nao haunyamazi. Hata usipowekewa sampuli, huhesabu mionzi itokayo angani na kutani. Hesabu hiyo hupanda na kushuka. Sampuli isipoizidi kwa kiasi cha kutosha, mtaalamu huandika "haikugunduliwa". Mfasiri akiandika "hakuna", ametoa ahadi ambayo mtambo haukuitoa, kwani maji hayo hayo yakiongezwa ujazo, au muda wa kuhesabiwa, huenda yakafichua kilichokuwamo. Tafsiri aminifu hukitaja na kikomo cha mtambo, kwa bekereli kwa lita.

Kwa kuhitimisha, tafsiri za taarifa kama hizi ni sehemu ya kazi inayotungoja sisi wanafunzi wa Kiswahili. Mama anayejaza mtungi wake kisimani ana haki ya kuelezwa kilichopimwa, na vilevile kile ambacho kipimo hakikuweza kukifikia.