SHUGHULI ZA UZEENI NA MARADHI YA SONONA

Kila mwaka Serikali huagana na watumishi wake waliotimiza umri wa miaka 60. Hulipwa kiinua mgongo, huombewa dua na kutakiwa mapumziko mema. Neno hilo la mapumziko linahitaji kuelezwa, kwani wako wanaolichukua kwa maana ya kukaa bure. Baada ya miezi michache jamaa zao huanza kuona mabadiliko: mzee hazungumzi, usingizi umempotea, chakula hakimpiti, na mambo aliyokuwa akiyapenda hayamvutii tena.

Hali hiyo ikidumu kwa wiki mbili au zaidi, huenda ikawa ni maradhi ya sonona. Sonona si huzuni ya kawaida, wala si sehemu ya uzee. Kwa wazee aghalabu hujificha: mgonjwa hasemi kwamba ana huzuni, bali hulalamikia maumivu ya mwili, uchovu au usahaulifu. Kwa sababu hiyo wengi huambiwa kuwa ni uzee tu, au hudhaniwa kuwa wamepatwa na shetani, na maradhi huachwa mpaka mgonjwa akakata tamaa ya kuishi.

Uhusiano wa sonona na shughuli una pande mbili. Asiyejishughulisha huwa karibu zaidi na maradhi haya. Na maradhi yenyewe humwondolea mtu nguvu na hamu ya kujishughulisha. Hivyo basi, mzee aliyejifungia ndani hafai kulaumiwa kwa uvivu.

Kwamba mwendo wa mwili husaidia, hilo limethibitika. Mwaka 1999 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitoa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 156 wa sonona wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Baadhi walipewa dawa, wengine walifanya mazoezi mara tatu kwa wiki, na wengine walipata yote mawili. Dawa ilileta nafuu mapema zaidi, lakini baada ya wiki 16 makundi yote matatu yalikuwa yamepata nafuu inayokaribiana. Ikumbukwe kwamba mazoezi yale yalifanywa kwa pamoja, na huenda kule kukutana nako kulichangia nafuu hiyo.

Mfano ulio karibu nasi unapatikana Tengeru, yapata kilomita 13 mashariki ya mji wa Arusha, mahali panapojulikana na watumishi wengi kwa ajili ya Taasisi ya Maendeleo ya Jamii. Katika vijiji vya huko, chini ya Mlima Meru, mkulima hana tarehe ya kustaafu. Mzee huendelea kupalilia migomba na kahawa kwa kadiri ya nguvu zake, na kumkatia majani ng'ombe wa zizini. Bibi hupeleka ndizi katika soko la Jumamosi, na pamoja na kuuza, hupata habari za jamaa na kujuliwa hali. Kazi hiyo ina mambo matatu kwa wakati mmoja: mwili hutembea, watu hukutana, na mzee huwa anahitajiwa, kwani asipoamka ng'ombe hatakula.

Hatusemi kwamba wazee wa Tengeru hawapatwi na sonona. Ardhi huko imekuwa ndogo, vijana wengi wamehamia mjini, na kazi ya shamba huchosha mwili uliodhoofika. Tunachosema ni kwamba mtumishi anayestaafu hupoteza mambo yote hayo matatu kwa siku moja, na hapana budi kuyatafutia badala. Barazani yapo mazungumzo, lakini miguu haisogei. Pensheni Jamii, iliyoanzishwa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar mwaka 2016 kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, humpunguzia mzee dhiki, lakini haimpi sababu ya kutoka nyumbani asubuhi.

Kwa hivyo, watumishi na wananchi wanashauriwa yafuatayo:

(a) Mtumishi anayekaribia kustaafu aanze mapema shughuli atakayoendelea nayo, kama vile bustani, ufugaji wa kuku, kusomesha watoto au kazi za msikiti na shehia.

(b) Mzee atembee kwa miguu nusu saa, siku tano kwa wiki, baada ya sala ya Alfajiri au Alasiri wakati jua halijawa kali au limepungua. Muda huo unatimiza dakika 150 zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mwenye shindikizo la damu, kisukari au maumivu ya viungo amuone daktari kwanza.

(c) Jamaa wasimnyang'anye mzee kila kazi kwa kumwonea huruma. Aachiwe iliyo ndani ya uwezo wake, na ategemewe kwayo.

(d) Aliyekwisha kupatwa na sonona asiamrishwe kufanya mazoezi, bali afuatane na mwenziwe, na aanze kwa hatua chache, hata za kufika kwa jirani tu.

(e) Dalili zikizidi wiki mbili, apelekwe kituo cha afya. Mzee akitamka kwamba heri afe, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Sonona ina dawa na ushauri wake, na shughuli husaidia tiba, haziondoi haja ya tiba.

Masheha na wakuu wa idara wanaombwa kuyafikisha maelezo haya kwa wastaafu walio katika maeneo yao, hasa wale ambao hawajaonekana kwa muda mrefu.