Kamembe na Wayahudi wa siku za mwisho

Video yenyewe ni ya dakika chache. Mhubiri wa ng'ambo, suti ya bluu, kipaza sauti mkononi, anamwaga Kiswahili cha Bukavu kilichonyunyiziwa Kifaransa. Nyuma yake imetundikwa bendera ya Israeli. Anataja Manchester, ambako tarehe 2 Oktoba 2025, siku ya Yom Kippur, mtu mmoja alilivamia sinagogi la Heaton Park na waumini wawili wakapoteza maisha. Anataja Pittsburgh, ambako watu 11 waliuawa kwa risasi wakiwa ibadani mwaka 2018. Kisha anainua Biblia juu na kupaza sauti kwamba mtini unachipua. Kanisa zima linapiga vigelegele.

Mama aliyenionesha anauza samaki wa sambaza katika soko la Kamembe, upande wa Rwanda, na wateja wake wengi huvuka mpaka kutoka Bukavu ya Kongo. Hajawahi kumwona Myahudi. Rusizi hakuna sinagogi, na Wayahudi anaowajua ni wale wa kwenye Agano la Kale na wale wa kwenye simu yake. "Kaka, hawa watu wanachukiwa kweli," aliniambia huku akijaza kikombe cha plastiki kwa mteja, "lakini si imeandikwa? Yesu yuko mlangoni." Aliyasema kwa huruma. Ila vigelegele vile vilinikaa masikioni hadi jioni.

Mahubiri ya aina hii yana shina refu mjini hapa. Upentekoste wa Rwanda ulipandwa Gihundwe mwaka 1940, na wamisionari wa Sweden waliotokea upande wa Kongo. Kanisa lililotokana nao, ADEPR, leo ni miongoni mwa makanisa makubwa nchini. Miaka michache kabla yake uamsho ulikuwa umewaka Gahini, mashariki mwa nchi, ukasambaa hadi Uganda, Kenya na Tanganyika. Waliookoka walifundishwa kukesha, maana Bwana angeweza kurudi wakati wowote. Ramani ya kurudi kwake, hata hivyo, ilichorwa mbali. John Nelson Darby, mhubiri aliyezunguka Ireland na Uingereza katika karne ya 19, ndiye aliyeipanga, na Biblia ya Scofield ya mwaka 1909 ikaichapisha katika maelezo yake: Unyakuo, Dhiki Kuu, Mpinga-Kristo, vita vya mwisho, kisha utawala wa miaka elfu. Katikati ya ramani hiyo wamewekwa Wayahudi. Sharti warudi nchini mwao, sharti mataifa yote yawageuke, sharti wapondwe, ndipo mwisho uje. Taifa la Israeli lilipozaliwa mwaka 1948, na lilipoitwaa Yerusalemu ya mashariki mwaka 1967, wenye ramani hii walihisi wanasoma gazeti lililochapishwa miaka elfu mbili na mia tano iliyopita.

Ukishaipokea ramani hiyo, habari mbaya inageuka kuwa njema. Mwaka 2024 shirika la ADL la Marekani lilirekodi zaidi ya matukio 9,300 ya chuki dhidi ya Wayahudi nchini humo, idadi kubwa kuliko mwaka wowote tangu lianze kuhesabu. Chanzo cha karibu kinajulikana: shambulio la Hamas la tarehe 7 Oktoba 2023 lililoua watu wapatao 1,200, na vita vya Israeli huko Gaza vilivyoua makumi ya maelfu ya Wapalestina. Mtu ana haki ya kuilaani serikali ya Israeli kwa vita hivyo. Waisraeli wenyewe waliandamana barabarani wakiilaani. Kumchoma kisu mzee anayekwenda kusali Manchester ni jambo jingine kabisa. Lakini katika video za kwenye simu zetu, yote hayo hutiwa katika kapu moja lililoandikwa "dalili", na mhubiri hana tena haja ya kuuliza nani kafanya nini, na kwa nini.

Jambo jingine: mhubiri yuleyule anayepeperusha bendera ya Israeli, ukimpa muda, atakwambia pia kwamba Wayahudi wanamiliki benki zote za dunia, kwamba Freemason ni kazi yao, na kwamba chapa ya mnyama inatengenezwa katika viwanda vyao. Hasikii mgongano wowote. Anawapenda wakiwa katika Ezekieli na anawaogopa wakiwa benki.

Mgongano huo una historia, na historia hiyo ina jina la mtu. Mwaka 1903 gazeti moja la St. Petersburg lilichapa maandishi yaliyodaiwa kuwa kumbukumbu za siri za wazee wa Kiyahudi wakipanga kuitawala dunia. Mwenye gazeti hilo, Pavel Krushevan, ndiye ambaye miezi michache kabla gazeti lake jingine lilikuwa limechochea mauaji ya Wayahudi wa Kishinev wakati wa Pasaka. Maandishi ya Krushevan pengine yangekufa na gazeti lake. Aliyeyapa uhai ni Sergei Nilus, Mkristo wa Kiorthodoksi mwenye kiu ya mambo ya mwisho, ambaye mwaka 1905 aliyatia ndani ya kitabu chake kuhusu ujio wa Mpinga-Kristo. Kwa hiyo uongo uliowaua Wayahudi wengi kuliko uongo wowote wa karne iliyopita uliingia duniani ukiwa umefungwa katika karatasi ya unabii. Mwaka 1921 Philip Graves wa gazeti la The Times la London alionesha kwamba sehemu kubwa ya maandishi hayo ilinakiliwa kutoka kitabu cha Mfaransa Maurice Joly cha mwaka 1864, kitabu kilichomsema Napoleon wa Tatu na ambacho hakikuwa na habari za Wayahudi wanaokula njama. Haikusaidia. Hitler alikuwa ameshayasoma maandishi hayo.

Msomaji wa Kamembe anaweza kuuliza hayo ya Warusi yanamhusu nini. Novemba 1990 jarida la Kangura, lililoendeshwa na Hassan Ngeze wa Gisenyi, mji ulio kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa hilihili la Kivu, lilichapisha barua iliyodaiwa kuandikwa mwaka 1962. Humo Watutsi walidaiwa kupanga kuikalia Kivu na Afrika ya kati nzima kimyakimya: kwa hila, kwa uvumilivu, kwa kujipenyeza kwenye vyeo, kwa kuwatumia mabinti zao. Mwanahistoria Jean-Pierre Chrétien ameilinganisha na yale maandishi ya St. Petersburg, na anayesoma vyote viwili anaona kwamba ni kalibu moja. Ngeze alihukumiwa na mahakama ya Arusha mwaka 2003. Barua yake haikuhukumiwa naye. Bado inazungushwa Kivu, na kila vita vikiwaka, kama vilivyowaka Bukavu Februari 2025 ilipoingiwa na waasi wa M23, kuna mtu anayeitoa tena mfukoni na kuituma kwa mwenzake. Banyamulenge, Watutsi wachunga ng'ombe wa milima ya juu ya Uvira na Fizi, ndio wanaoilipia kwanza.

Barua hiyo isingeaminika kirahisi kama Biblia isingekuwa imetangulia kutumiwa vibaya. Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke aliandika mwaka 1863 kwamba watawala wa maziwa makuu walitoka Ethiopia, na wazungu waliomfuata wakawapa ukoo wa Hamu mwana wa Nuhu. Watoto wetu walifundishwa hivyo darasani. Kisha, tarehe 22 Novemba 1992, mwanasiasa Léon Mugesera alisimama jukwaani Kabaya akawakumbusha wasikilizaji kwamba Wafalasha, Wayahudi wa Ethiopia, walikuwa wamerudi kwao Israeli, na kwamba Watutsi nao kwao ni Ethiopia, na njia ya mkato ya kuwarudisha ni mto Nyabarongo. Alipata kifungo cha maisha mwaka 2016. Ukitaka kuona jinsi ramani ya nyakati inavyoweza kumgeuza jirani kuwa mhusika wa hadithi, hotuba hiyo inatosha.

Wapo pia walioigeuza hadithi hiyo iwalinde. Taasisi ya Havila, iliyoanzishwa Ubelgiji na Jean Bwejeri, inafundisha kwamba Watutsi ni Waebrania wa Kushi. Naelewa kiu yake: watu waliowindwa wanatafuta jamaa waliowindwa. Ila fungua Ezekieli 38 uone Kushi imepangwa wapi. Imo katika jeshi la Gogu, pamoja na Uajemi na Putu. Kwa ramani hiyohiyo, Munyamulenge mmoja wa Minembwe anaweza kuwa Mwisraeli asubuhi na adui wa Israeli jioni. Na Waislamu wa Kamembe, majirani wetu wa miaka yote, wanakuta wameandikishwa katika jeshi hilo bila kuulizwa, kwa kuwa mhubiri ameamua Uajemi ni Iran na Iran ni kila anayeswali.

Nilimpelekea hoja hizi mchungaji mmoja wa mjini, mtu mpole, msomaji, ambaye huanza Januari na Danieli na kumaliza Desemba na Ufunuo. Tulikaa nje ya kanisa lake, na kutoka pale unaona mabati ya Bukavu yakimeta ng'ambo.

"Mtumishi," nikamwuliza, "ile Zekaria 13, ya theluthi mbili kukatiliwa mbali. Mnaihubirije?"

Akanyamaza kidogo. "Ndugu mwandishi, hiyo ni sehemu ngumu. Mimi huwa nahubiri ile theluthi inayobaki."

Nilimshukuru kwa ukweli wake. Wengi hawakiri. Ramani inayoitwa ya kuipenda Israeli inataka Wayahudi wengi wafe kabla haijakamilika, na anayeishangilia anapaswa walau kulitazama jambo hilo machoni. Akaniuliza naye, kwa haki: kama Mungu ameshasema litatokea, Mkristo wa Kamembe afanye nini? Aombe lisitokee? Si atakuwa anapingana na Neno?

Swali hilo lina jibu ndani ya Biblia yenyewe, na ninashangaa halihubiriwi. Manabii waliotabiri maangamizi waliyatabiri kwa machozi. Yeremia alilia. Yesu aliutazama Yerusalemu akaulilia kabla ya kusema kwamba halitasalia jiwe juu ya jiwe. Paulo, kabla hajaeleza siri ya Israeli katika Warumi 11, anaanza sura ya 9 kwa huzuni inayomkata moyo juu ya ndugu zake. Amosi anawapa ole wale wanaoitamani siku ya Bwana kana kwamba itakuwa sherehe.

Halafu kuna Obadia, kitabu kifupi kuliko vyote vya Agano la Kale, sura moja, aya 21. Yerusalemu ilikuwa imeanguka, kama ilivyotabiriwa. Hukumu ya Obadia inamwangukia Edomu, jirani na ndugu, kwa kusimama kando akitazama, kwa kuifurahia siku ya msiba wa Yakobo, na kwa kusimama penye njia panda ili kuwakata waliokuwa wakikimbia. Unabii ulikuwa umetimia, na bado jirani aliyesimama njiani alishtakiwa. Katika mkoa uliokuwa Cyangugu, neno hilo la njia panda halihitaji mfasiri. Aprili 1994 Watutsi walikusanywa katika uwanja wa Kamarampaka, hapa mjini, wakawa wanatolewa kwa majina. Waliojaribu kufika mtoni wavuke walikuta bariyeri. Huko Mugonero, juu ya ziwa, mchungaji wa Waadventista, Elizaphan Ntakirutimana, ambaye kanisa lake limejengwa juu ya unabii wa Danieli, alishindwa kuwalinda waliokimbilia kwake, na Februari 2003 mahakama ya Arusha ilimtia hatiani kwa kusaidia mauaji ya kimbari. Neno hilo lenyewe, mauaji ya kimbari, dunia ililipata kwa Raphael Lemkin, Myahudi wa Poland aliyeipoteza karibu familia yake yote.

Na asidhani mtu kwamba chuki hii huishia kwa Wayahudi. Idi Amin wa Uganda alimwandikia katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa mwaka 1972 akimsifu Hitler, na Abayudaya, Wayahudi wa Mbale, walisali kwa kujificha. Mwaka 1977 serikali hiyohiyo ikapiga marufuku madhehebu zaidi ya 20 ya Kikristo, Wapentekoste wakiwemo.

Tukiwa tunaagana nilimwuliza mchungaji kama amewahi kuhubiri Obadia. Akasema hapana, lakini amekiandika kwenye daftari na atakisoma usiku. Jumapili inayofuata, alisema, ratiba ilikuwa imeshapangwa: Ezekieli 38, na kwaya ilikuwa imeshajiandaa.